Jibu Lako Kwanza: Namna ya Kumsomesha Mtoto Aliyekua na Simu Mkononi

Jioni moja mjukuu wangu wa miaka 13 alikuwa mezani na kazi yake ya jiografia. Swali liliuliza kwa nini mlima mmoja unaweza kupata mvua tele upande huu na ukame upande wa pili. Hakulisoma mara mbili. Aliiuliza simu kwa sauti, kama mtu anayemwita ndugu yake aliye chumba cha pili. Jibu likaja, akalinakili kwa mwandiko wa kupendeza, daftari likafungwa. Dakika tatu hazikutimia.

Kesho yake nikamuuliza swali lilelile. Akanitazama kwa huruma kidogo. "Bibi, nimelisahau, lakini najua lilipo." Na kweli alijua. Alilifikia kabla sijavaa miwani.

Nimefundisha hesabu miaka 31 kabla ya kustaafu, na wasahaulifu nimewaona wa kila namna, ila huyu alikuwa wa namna mpya. Zamani mtoto akisahau alijua amepoteza kitu. Huyu hakuona kwamba amepoteza chochote. Baadaye nikaja kusoma kwamba mwaka 2011 Betsy Sparrow na wenzake walikwisha kuliona jambo hilo katika majaribio: watu walioambiwa kwamba maelezo wanayoandika yatahifadhiwa kwenye kompyuta waliyakumbuka kidogo kuliko walioambiwa kwamba yatafutwa, na walikumbuka vizuri zaidi folda iliyohifadhi maelezo kuliko maelezo yenyewe. Jaribio mojawapo katika yale liliporudiwa na watafiti wengine halikutoa matokeo yaleyale, kwa hiyo sisemi ni msahafu. Lakini mezani kwangu nilikuwa nalo, limevaa kaptula, linatafuna kalamu.

Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyafanya na mjukuu huyo kwa mwaka mmoja na nusu. Yote yanazunguka jambo moja: nani anaanza kufanya kazi, kichwa au mashine. Simu ni ileile na swali ni lilelile. Kikitangulia kichwa, mtoto anajifunza. Ikitangulia simu, mtoto anakuwa tarishi wa kuhamisha jibu kutoka kwenye kioo kulipeleka kwenye daftari.

Kabla ya yote, acha kumwita mjinga

Wazee tunapenda kusema watoto wa siku hizi hawana akili. Malalamiko hayo yana umri mkubwa kuliko umeme. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ameandika kwamba mwalimu wake Socrates alihofia maandishi yatawatia watu usahaulifu, kwa kuwa watategemea alama zilizo nje badala ya kumbukumbu iliyo ndani. Kama Plato asingeyaandika, malalamiko hayo yasingetufikia.

Kuna hadithi moja ninayoipenda kuhusu jambo hili. Mwaka 1931 mwanasaikolojia Alexander Luria alikwenda Uzbekistan kuzungumza na wanakijiji ambao hawakusoma shule. Aliwaambia: kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe, mahali fulani pako kaskazini ya mbali, je, dubu wa huko wana rangi gani? Mmoja akajibu kwamba yeye alimwona dubu mweusi tu, wengine hajawaona, na kila mahali pana wanyama wake. Mtu huyo hakuwa mjinga. Alikataa kusema jambo ambalo macho yake hayajalishuhudia, na katika maisha yake hiyo ilikuwa busara. Mtoto wa shule leo anajibu "weupe" bila kupepesa, kwa sababu tangu utotoni amezoea kucheza na mambo ya "tuseme kwamba".

James Flynn, aliyefundisha chuo kikuu cha Otago huko New Zealand, alitumia mfano huohuo kueleza jambo alilolionyesha miaka ya 1980: alama za vipimo vya akili zilikuwa zikipanda kizazi hadi kizazi, karibu alama 3 kila miaka 10. Ubongo haukubadilika kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni kazi ambazo shule, ajira na vyombo vya kisasa vilivipa vichwa vya watu.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2018 Bernt Bratsberg na Ole Rogeberg walichapisha uchunguzi wa vijana wa Norway wanaopimwa wakati wa kuingia jeshini. Alama zilipanda mpaka kwa waliozaliwa karibu mwaka 1975, halafu zikaanza kushuka, na kushuka huko kulionekana hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo si suala la damu, ni la mazingira. Hapa ndipo watu hurukia kusema "simu hizo!" Haya, hesabu nami. iPhone ya kwanza ilitoka mwaka 2007. Aliyezaliwa 1975 alikuwa na miaka 32. Simu yaweza kuwa na makosa yake, lakini mshuko ule haikuuanzisha yoyote kati ya hizi tulizonazo mifukoni.

Kosa la upande wa pili ni kudhani mtoto aliyezaliwa kwenye vyombo hivi anavijua kwa asili. Mwaka 2001 Marc Prensky aliwaita watoto wa namna hii wenyeji wa dijitali, na jina likashika. Mwaka 2018 wanafunzi wa nchi kadhaa walipopimwa uwezo wao wa kutumia kompyuta na kuchambua habari, katika uchunguzi wa kimataifa unaoitwa ICILS, waliofika daraja la juu kabisa walikuwa asilimia 2 tu. Mjukuu wangu anakata na kuunganisha video kwa vidole ambavyo siwezi kuvifuata kwa macho. Siku nilipomwambia anitafutie insha yake aliyoiandika wiki iliyopita, hakujua iko folda gani. Hakujua hata kama kuna folda.

Wiki ya kwanza, kaa kimya uhesabu

Mimi nilianza vibaya. Nilimnyang'anya simu mwezi mzima. Nikajisifu kwa binti yangu kwamba sasa utaona matokeo, na matokeo tukayaona: kazi za nyumbani zilikuwa sahihi zote. Siku ya ishirini na kitu nikagundua alikuwa akizinakili asubuhi kwa rafiki yake kabla ya kengele, daftari juu ya goti. Alikuwa na simu nyingine, ila hii ina miguu miwili.

Nikamrudishia chombo chake na nikaomba radhi, jambo lililomshangaza kuliko adhabu. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni. Kaa karibu naye siku tano, na kitu chako cha kufanya, usiseme neno. Kila anaposhika simu wakati wa kusoma, weka alama kwenye karatasi: ameishika baada ya muda gani tangu asome swali? Wa kwangu alikuwa akiishika baada ya sekunde sita, saba. Idadi ya saa kwa siku, ambayo ndiyo wazazi wanapigania, haikuniambia kitu. Zile sekunde saba ziliniambia kila kitu, kwa kuwa katika sekunde saba swali halijaanza hata kuwasha.

Daftari la kubahatisha

Hiki ndicho kiini cha maelezo yangu, na kama utaacha mengine yote, hili lifanye. Chukua daftari la kawaida, upige mistari upate safu nne. Ya kwanza, swali. Ya pili, jibu langu. Ya tatu, uhakika wangu, namba kati ya 0 na 10. Ya nne, nilichokikuta. Sheria ni kwamba simu haiguswi mpaka safu tatu za mwanzo zijae. Dakika mbili zinatosha. Jibu likiwa baya halifutwi, halichekwi, halipewi alama.

Siku ya kwanza nikalirudisha lile swali la mlima. Akaandika: "Upande wa mvua uko karibu na mawingu." Uhakika, 4. Nilitamani kucheka nikajizuia. Nikamuuliza mawingu yenyewe yanatoka wapi. Akasema baharini. Yanaletwa na nini? Upepo. Chora. Akachora mlima na mishale ya upepo inayougonga. Akaukodolea macho mchoro wake. "Sasa ukigonga hapa unapita wapi?" Hilo hakuniuliza mimi, alijiuliza. Alipofungua simu safari hii hakunakili, alisoma kama mtu aliyepotewa na funguo: hewa inapanda, inapoa kadiri inavyopanda, mvuke unakuwa matone, mvua inamwagika upande huu, na hewa inashuka upande wa pili ikiwa imekwisha kumwaga mzigo wake. Nikamuuliza baada ya mwezi. Alichora palepale, kwenye bahasha.

Sababu si uchawi. Mwaka 2009 Nate Kornell na wenzake walionyesha kwamba mtu akijaribu kujibu akakosea, kisha akapewa jibu sahihi, hulikumbuka vizuri kuliko aliyepewa jibu tu bila kujaribu. Ubahatishaji unalima shamba hata kama mbegu uliyoidhania siyo.

Jiandae kwa hila mbili. Ya kwanza ni "sijui", "sijui", "sijui" safu nzima. Usigombe. Sema: "Ungekuwa unajua, ungesemaje?" Swali la kipuuzi, lakini linafanya kazi mara nyingi kuliko inavyostahili. Hila ya pili ni kuchungulia simu kwanza halafu kuandika "jibu langu". Hii utaitambua kwa lugha. Siku moja nilikuta ameandika "kutokana na msukumo wa mgandamizo wa angahewa". Nikamwomba anieleze msukumo wa mgandamizo. Tukacheka wote wawili, ukurasa ukapigwa mstari.

Safu ya uhakika usiidharau. Baada ya miezi mitatu tulikaa tukatazama kurasa za nyuma, akaona mwenyewe kwamba palipoandikwa 9 alikuwa amekosea karibu mara nyingi kama palipoandikwa 5. Hakuna hotuba yangu ambayo ingemfundisha hilo.

Kufunga kitabu

Mtoto wa simu amezoea kutazama tena. Akisahau, anatazama, akitazama, anaona anajua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, na wale waliojipima asilimia 61.

Ndiyo maana mtoto anakuapia kwamba kusoma tena kunamsaidia: kunamsaidia kweli, kwa dakika tano.

Hapa simu nimeigeuza mtumishi. Akimaliza somo, anafunga kila kitu, anawasha kinasa sauti na kueleza alichosoma kwa dakika moja, kwa maneno yake. Halafu anajisikiliza huku kitabu kikiwa wazi. Pale aliposema "yaani... ile... nanihii" ndipo penye shimo. Kengele ya simu tumeitega impigie kesho yake, baada ya siku nne na baada ya wiki mbili, arudie kueleza. Mara ya kwanza aliona aibu kusikia sauti yake. Sasa anajikosoa kwa ukali kuliko mimi.

Yale yanayopaswa kukaa kichwani

Nitaambiwa: kukariri kwa nini, wakati kila kitu kipo mtandaoni? Kwa sababu sehemu ya akili inayoshika mambo wakati wa kufikiri ni ndogo mno. Nelson Cowan aliikadiria mwaka 2001 kuwa na nafasi ya vitu kama vinne. Mtoto anayesimama katikati ya swali kuhesabu 7 mara 8 kwa vidole amekwisha kumwaga nje nusu ya swali lenyewe. Jedwali la kuzidisha, msamiati, mpangilio wa matukio makubwa: hivyo nimevidai vikae kichwani, na sijavitolea radhi.

Kikokotoo nakiruhusu, kwa sharti kwamba kadirio litangulie. Siku moja alikuwa akizidisha 19.8 kwa 5.1. Akabofya, akaandika 1009.8, akaendelea. Nikaweka kidole juu ya jibu. "Ishirini mara tano?" "Mia." "Na wewe umeandika?" Kimya. Alisahau nukta, akabofya 198. Kikokotoo hakikukosea hata kidogo, kilijibu swali jingine. Tangu siku hiyo anaandika kadirio pembeni kwa penseli kabla ya kubofya, na pale panapotofautiana sana anajua arudi wapi.

Karatasi, na chumba kingine

Haya mawili nayapitia haraka. Habari ndefu ya kujifunza, isomwe kwenye karatasi ikiwezekana. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walijumlisha chunguzi 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakakuta karatasi inashinda skrini katika kuelewa, hasa kwa maandishi ya maarifa na pale msomaji anapobanwa na muda. Kwa hadithi hawakuona tofauti. Kilichonishtua ni kwamba pengo lilikuwa likipanuka kadiri miaka ilivyosogea. Kuzaliwa na skrini hakukuwafundisha watu kuisoma. Kama huna njia ila simu, basi kila skrini moja ikijaa, mtoto aandike sentensi moja kwa mkono kabla ya kusogeza.

Na simu isiyotumika kwa kazi iliyopo mezani ikalale chumba kingine. Kuna jaribio la mwaka 2017 lililosema simu ikiwa karibu tu, hata imezimwa, inanyonya akili. Waliolirudia wamepata majibu ya kupishana. Mimi siihitaji hoja hiyo. Mkono haushiki kisichofikika. Lakini usiivushe hadi kuwa marufuku: katika PISA, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, wa mwaka 2022 wanafunzi waliotumia vyombo vya kidijitali kujifunza shuleni hadi saa moja kwa siku walipata hesabu bora kuliko wasiovitumia kabisa, na wakati huohuo asilimia 65 walisema vyombo hivyo huwaondoa mawazo katika baadhi ya vipindi vya hesabu. Yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Atoke kwanza, ndipo asome

Mjukuu alikuja siku moja na video inayosema binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Imetengenezwa vizuri, mtu amevaa koti jeupe, muziki unapanda. Zamani ningemwambia "soma kwa makini". Ushauri huo ni mbovu, na walioupima ni Sam Wineburg na Sarah McGrew. Mwaka 2017 waliwapa tovuti za kukagua wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo kikuu cha Stanford, na wakaguzi 10 wa ukweli wa habari. Wanahistoria na wanafunzi walisoma kwa makini kutoka juu hadi chini, na wengi walidanganywa na nembo nzuri na jina la kitaalamu. Wakaguzi hawakusoma. Waliiacha tovuti palepale, wakafungua kurasa nyingine kuuliza: hawa ni nani, na wengine wanasemaje juu yao?

Basi tukafanya hivyo. Swali la kwanza si "anasema nini" bali "nani huyu". Akaacha video, akatafuta mwenye akaunti, akakuta anauza vidonge vya kuongeza akili. Akatafuta lile dai lenyewe kwenye vyanzo vingine vitatu, akakuta wanasayansi wa ubongo wamelikataa siku nyingi: picha za ubongo zinaonyesha sehemu zake zote zikifanya kazi, hata usingizini. Dakika nne. Kilichomkasirisha si uongo, ni vidonge.

Akili mnemba

ChatGPT, ile mashine ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, ilitoka Novemba 2022, na nilipoiona mara ya kwanza nilijua safari ya tarishi imefupishwa mpaka mlangoni. Hapa sitaki ubishi wa nadharia, kwa sababu kuna jaribio. Huko Uturuki wanafunzi wa sekondari karibu 1,000 walifanya mazoezi ya hesabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 na Hamsa Bastani na wenzake. Waliopewa akili mnemba ya kawaida walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 48 wakati wa mazoezi. Ilipoondolewa, kwenye mtihani walifanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuiona kabisa. Kundi la tatu lilipewa ile iliyofungwa isitoe jibu, bali vidokezo vilivyoandaliwa na walimu. Hao mazoezini walipaa zaidi, na kwenye mtihani hawakudhurika. Chombo kimoja, mpangilio tofauti.

Kwa hiyo mjukuu wangu ana sentensi tatu zilizobandikwa ndani ya jalada la daftari. Moja: "Usinipe jibu, niulize swali mojamoja mpaka nilifikie mwenyewe." Mbili: "Hii ndiyo kazi yangu, nionyeshe mstari wa kwanza wenye kosa, usinisahihishie." Tatu: "Nitungie maswali matano ya aina hii, la mwisho liwe na mtego."

Ya pili ndiyo dhahabu. Alikuwa na swali hili: 3(x − 4) = 2x + 5. Akaandika 3x − 4 = 2x + 5, akapata x = 9, uhakika 8. Mashine ikamwambia: kosa liko mstari wa kwanza baada ya swali. Basi. Akautazama mstari ule, akautazama tena, akasema haina akili hii. Nikamwambia aweke 9 mahali pa x. Upande wa kushoto 15, wa kulia 23. Akanyamaza. Ikapita karibu dakika mbili, na mwalimu yeyote anajua dakika mbili za kimya zina urefu gani. Mkono wangu ulikuwa unawasha. Mwisho akagonga meza: "Tatu haikuizidisha nne!" Akaandika 3x − 12, akapata 17, akaiweka: 39 na 39. Jambo hilo halijamtoka tena, kwa sababu alilinunua kwa dakika zake mwenyewe.

Tahadhari mbili. Mashine hizi hujisahau. Mara nyingine unaiomba isitoe jibu na inalitoa katikati ya maelezo, kwa hiyo tuna kipande cha kadibodi cha kuziba sehemu ya chini ya skrini. Na zinakosea kwa sauti ya mtu asiyekosea. Ndiyo maana kila kikao kinaisha na swali moja ambalo mtoto analifanya kwa mkono mtupu, kila chombo kikiwa kimezimwa. Swali hilo moja ndilo ninalolitazama.

Kwa wadogo

Nina mjukuu mwingine, wa miaka mitatu, na kwake sina daftari. Mwaka 2003 Patricia Kuhl aliwaletea watoto wa Kimarekani wa miezi tisa watu wa kuwasemesha Kichina, vikao 12 vya dakika 25. Watoto wakashika sauti za lugha ile. Watoto wengine wakawekewa watu walewale kwenye video, na wengine sauti tupu: hawakuambulia kitu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Simu ya video na mama yake siihesabu humo, kwa kuwa pale kuna mtu anayemjibu.

Anachokijua yeye ambacho hukijui

Nirudi kwa yule mjukuu mkubwa. Mnyororo wa baiskeli yake ulikatika. Sikumsaidia, sijui lolote kuhusu minyororo. Nikamtazama kwa mbali. Aliweka video, akaangalia kama sekunde 20, akasimamisha. Mikono ikajaribu. Ikashindikana. Akarudisha nyuma, akapunguza kasi, akatazama kidole cha fundi tu, akasimamisha, akajaribu tena. Saa nzima hivyo, bila kuitwa, bila kuchoka, mafuta mpaka kwenye kiwiko. Mimi katika miaka 31 sikuwa na njia ya kumrudisha mwalimu nyuma sekunde 20 mara tisa bila mwalimu kununa.

Jioni nikamwambia: ulivyofanya na mnyororo ndivyo tunavyotaka kwenye hesabu. Tazama kidogo, simamisha, mikono yako, ndipo urudi. Alishangaa kwamba ile nayo ni kusoma. Tangu hapo somo la video analitazama na penseli: mwalimu akiandika swali, anasimamisha, analifanya, halafu anamwachia mwalimu aendelee aone kama wamekubaliana.

Wiki iliyopita amenipangia ukurasa wangu kwenye daftari lake. Safu nne, mistari imenyooka. Swali la kwanza: "Bibi, namba ya simu ya mama ni ipi? Usiguse simu." Namba ya binti yangu mwenyewe, ambayo nampigia kila siku. Nikaandika, uhakika 9. Akafungua simu yake, akalinganisha tarakimu mojamoja kwa ncha ya kalamu, na kwenye safu ya nne akaandika taratibu, kwa ule mwandiko wake wa kupendeza: tatu za mwisho siyo.